Mashua za Namna Moja, na Ugomvi wa Tanga Jipya

Muhula uliopita mzee mmoja aliyesoma katika shule yetu zamani alimwandikia barua mwalimu msimamizi wa mashua. Alisema amesikia ya kwamba wavulana wa chama cha mashua wamegombana hata wengine wakaacha kuja ufukoni, na sababu ya ugomvi ni tanga. Akauliza: Tanga si kitambaa tu? Tena akasema yu tayari kutusaidia kwa fedha, lakini kwanza ataka kufahamu fedha hizo zitanunua nini, na kama zitaleta heri au zitaleta ugomvi mwingine. Mwalimu akanipa barua ile akasema, "Jambo hili lilianza kwako. Basi mjibu wewe." Kwa kuwa swali la mzee ni zuri, na kwa kuwa najua wako wengine wanaojiuliza vivyo hivyo, nimeomba nafasi katika gazeti letu nimjibu mbele ya wote.

Kwanza niwaeleze wale wasiozijua mashua zetu. Shule yetu iko karibu na Ziwa Nyanza, upande wa Uganda, nasi tunazo mashua 5 za tanga za kushindania. Zote zilitumiwa na watu wengine kabla ya kufika kwetu, na moja yao ni kuukuu sana. Si mitumbwi ya wavuvi, wala si mashua za kuchukulia mizigo. Ni mashua ndogo za mtu mmoja, za aina iitwayo Laser. Tangu mwaka 2019 aina hiyo katika mashindano ya dunia huitwa ILCA, kwa herufi za kwanza za jina la chama chake, lakini sisi twaiita Laser bado. Urefu wake ni meta 4.2 hivi, na mwili wake mtupu una uzito wa kilo 59 hivi, hata wavulana wawili wenye nguvu waweza kuubeba. Ina tanga moja tu, lenye eneo la meta za mraba 7 na kidogo. Mlingoti wake ni wa vipande viwili vinavyoingiana, na tanga lina mfuko mrefu ubavuni, nawe huuvika mlingoti mfuko huo kama mtu avaavyo soksi. Hakuna kamba za kuushikilia mlingoti kulia wala kushoto. Husimama wenyewe katika shimo lililo sitahani.

Sasa, yako mashindano ya mashua ya namna mbili. Namna ya kwanza, sheria husema tu urefu usizidi kiasi fulani na tanga lisizidi kiasi fulani, kisha kila mtu huunda apendavyo. Mfano wake ni mashua ziitwazo Moth. Hizo zimebadilika mpaka siku hizi huinuka zikaenda juu ya maji, zikishikiliwa na mabawa madogo yaliyo chini. Ni jambo la ajabu kulitazama, lakini mtu mwenye akili nyingi au fedha nyingi humwacha mwenzake mbali kabla mbio hazijaanza.

Namna ya pili ndiyo yetu: mashua zote ni sawa. Umbo moja, uzito mmoja, tanga moja, kamba za namna moja. Mshindi akipatikana, watu wajue ameshinda kwa kuusoma upepo, kwa kuuweka mwili wake mahali pafaapo, na kwa kushika usukani vizuri. Ni sawasawa na mbio za miguu ambazo wote wamevua viatu.

Mashua za namna hiyo hazikuanza jana. Katika ghuba ya Dublin, huko Ireland, mwaka 1887 watu walianzisha mashindano ya mashua zilizoitwa Water Wag, ambazo zote ziliundwa kwa mfano mmoja. Walikuwa wamechoka na desturi ya kununua mashua mpya kila mara ili kumshinda jirani. Hata mwaka 1900 wakaona mfano ule wa kwanza haufai tena, wakachagua mfano mkubwa kidogo uliochorwa na Maimie Doyle, binti wa fundi mwunda mashua. Mashua za mfano huo wa mwaka 1900 zashindana hata leo. Nawaombeni mlikumbuke jambo hili, maana nitalirudia: watu wale hawakukataa mabadiliko. Walibadilisha, lakini walibadilisha wote pamoja.

Laser nayo ina hadithi yake. Mwaka 1969 Ian Bruce wa Kanada alimpigia simu Bruce Kirby, aliyekuwa mchoraji wa mashua, akamwambia ataka mashua ndogo iwezayo kuchukuliwa juu ya motokaa. Kirby akaanza kuichora wakati ule ule wa mazungumzo. Tanga likashonwa na Hans Fogh. Mashua ya kwanza ikajaribiwa katika mashindano ya mwezi wa Oktoba 1970 huko Wisconsin, Marekani, na mwaka uliofuata zikaanza kuuzwa. Tangu siku hizo zimeundwa zaidi ya 200,000. Zikaingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1996, nao wanawake wakapata zao, zenye tanga dogo zaidi, mwaka 2008. Hata katika sehemu yetu ya Afrika wako waliojulikana kwa mashua hizi: Allan Julie wa Shelisheli alishindana kwa Laser katika Olimpiki zaidi ya mara moja.

Sheria ya Laser ni kali, tena ni fupi kuieleza: jambo lisiloruhusiwa waziwazi limekatazwa. Huwezi kupunguza mbao za usukani ziwe nyembamba. Huwezi kuongeza kamba kwa kuwa umeona inafaa. Huwezi kumpa fundi wa mtaani kitambaa akushonee tanga. Na katika Olimpiki wachezaji hawaji na mashua zao wenyewe, hupewa na wenyeji wa michezo, ili pasiwe na mtu wa kusema, "Nimeshindwa na kifaa."

Mtu akisikia hayo atasema, "Basi ugomvi watoka wapi?" Ugomvi watoka hapa: mashua zote huzaliwa sawa, lakini hazizeeki sawa. Mashua za tanga zina maadui watatu, nami nitawataja mmoja mmoja.

Adui wa kwanza ni jua. Tanga la Laser ni la kitambaa cha poliesta. Likiwa jipya ni gumu, hulia kama karatasi ukilikunja, na umbo lake ni lile alilolitaka fundi. Jua na mipigo ya upepo huuvunja ugumu huo kidogo kidogo. Baada ya muda tanga hulainika kama shuka la kitanda, na tumbo lake, ambalo linapaswa kuwa karibu na mlingoti, husogea nyuma. Hapo mashua haiwezi tena kubisha vizuri, yaani kwenda kuelekea upepo kwa kukata huku na huku. Sisi hapa tuko karibu na mstari wa ikweta, na jua letu halina huruma. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, nayo ni bahati kubwa, maana chumvi hula alumini mahali inapogusana na ribiti za chuma. Lakini bahati ile tunayoipata majini tunaipoteza juani.

Adui wa pili ni mchanga. Nimesema mlingoti husimama katika shimo. Kila tanga linapogeuka, mlingoti nao huzunguka kidogo katika shimo lile. Mchanga ukiingia humo, kila mzunguko ni kama kupiga msasa. Faibaglasi huliwa polepole mpaka tundu linatokea, na maji huingia katika mwili wa mashua. Ndani ya mwili mna povu gumu lililobanwa kati ya tabaka mbili za faibaglasi. Maji yakifika huko, tabaka huachana, sitaha hubonyea ukikanyaga, na mashua ya kilo 59 yaongezeka kilo pasipo mtu kujua. Dawa ya kulijua jambo hili mapema haina gharama: jaza maji katika shimo la mlingoti, ngoja kidogo, kisha tazama. Kama maji yamepungua, shimo lina tundu.

Adui wa tatu ni nguvu ya upepo yenyewe, nayo huushambulia mlingoti. Kipande cha juu cha mlingoti wa zamani ni cha alumini. Mahali kinapoingia katika kipande cha chini pana kola ya plastiki, na kola hiyo imeshikwa kwa ribiti. Hapo ndipo penye udhaifu. Upepo ukiwa mkali mlingoti hupinda, kichwa chake kikaenda nyuma. Upande wa mbele huvutwa na upande wa nyuma hubanwa. Tundu la ribiti likiwa upande unaovutwa, ufa huanzia papo hapo. Hata usipovunjika, kipande cha alumini huzoea kupinda kisirudi. Mabaharia hodari walikuwa wakikinyosha kwa mikono, au wakikigeuza juu chini, na hatimaye wakinunua kingine, na kingine tena.

Chama cha Laser kililiona jambo hili. Mabaharia wakubwa walikuwa wakinunua tanga jipya kwa kila shindano kubwa, kwa sababu la zamani lililegea upesi. Basi mashua iliyoundwa ili isihitaji fedha nyingi ilikuwa inakula fedha kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo mwaka 2016 likaruhusiwa tanga jingine, la kitambaa kizito zaidi, na vipande vyake vimepangwa kufuata njia ambazo nguvu hupita kutoka pembe za tanga. Eneo lake ni lile lile, lakini hudumu zaidi. Mwaka 2017 kikaruhusiwa kipande cha juu cha mlingoti kisicho cha alumini, bali cha faibaglasi na kaboni. Bei yake ni kubwa kuliko ya alumini, lakini hakibaki kimepinda. Wale waliokitengeneza walijitahidi kipinde kwa kiasi kile kile cha alumini, ili mwenye kipya asipate mwendo zaidi ya mwenye cha zamani.

Kabla ya hayo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilikuwa zimebadilishwa kamba. Iko kamba moja ivutayo boriti ya tanga kwenda chini. Zamani kamba ile ilikuwa na makapi machache, na mtu hakuweza kuikaza kwa mkono mmoja. Alilazimika kwanza kuivuta demani, yaani kamba ya kuongozea tanga, kwa nguvu zake zote mpaka boriti ishuke, ndipo aikaze ile nyingine upesi. Mwenye kilo 85 aliweza. Mwenye kilo 60 alihangaika. Makapi yalipoongezwa, hata mtu mwembamba aliweza. Mabadiliko hayo hayakuongeza maisha ya mashua, lakini yaliwapunguzia faida wale waliokuwa na misuli tu. Nayo yalikuwa hiari: mwenye kamba za zamani hakukatazwa kushindana.

Aina nyingine za mashua zimepita njia hiyo hiyo, kila moja kwa namna yake. Finn, iliyochorwa na Rickard Sarby wa Uswidi mwaka 1949, ilikuwa katika Olimpiki tangu Helsinki mwaka 1952 mpaka michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021. Milingoti yake ilikuwa ya mbao, ikawa ya alumini, kisha ya kaboni. Kila badiliko lilipofika, mwenye mlingoti wa zamani alikuwa na kitu kizima kisichovunjika, lakini kisichoweza kushinda tena. Ile Mirror ya Uingereza, iliyotolewa mwaka 1963 na gazeti la Daily Mirror, iliuzwa kama vipande vya plaiwudi; mtu akavishona kwa waya wa shaba nyumbani kwake, akaziba maungo kwa gundi na utepe wa faibaglasi. Mashua hiyo iliwafundisha watu kuwa kifaa bora ni kile ambacho mwenyewe aweza kukitengeneza kikiharibika. Mafundisho hayo yatufaa sana sisi, maana duka la vifaa vya mashua haliko karibu nasi.

Sasa nafika kwenye habari yangu, nami sitajificha.

Mjomba wangu alisoma hapa, na siku hizi afanya kazi mjini. Mwaka jana aliniuliza natamani zawadi gani nikipita mtihani. Nikamwambia tanga. Akaleta tanga jipya la namna ile ya mwaka 2016, pamoja na kipande cha juu cha mlingoti cha kaboni. Nilifurahi mno. Nilikuwa kapteni wa mashua, na mashua namba 3 ilikuwa kama yangu, basi nikavifunga juu yake Jumamosi ile ile.

Kabla ya siku hiyo, katika mbio 10 nilikuwa nikishinda mara 1 au 2. Mshindi wetu alikuwa rafiki yangu tangu kidato cha kwanza, mtoto wa wavuvi wa visiwa vya Ssese, ambaye aweza kukuambia upepo utageuka kwa kutazama rangi ya maji. Baada ya siku hiyo tulishindana mbio 9, nami nikashinda 8. Nilianza kuamini ya kuwa nimekuwa baharia. Nikawaeleza wengine jinsi ya kubisha. Nikamweleza hata yeye.

Jumamosi ya nne rafiki yangu hakuja. Nikamfuata bwenini, nikamwuliza kama anaumwa. Akasema, "Siumwi, ndugu yangu. Nimechoka kushindwa na mjomba wako." Nikakasirika, nikamwambia ana wivu. Wengine wakaingia katika maneno, na juma lile chama kikagawanyika pande mbili. Upande mmoja walisema sheria ya Laser yaruhusu vifaa vile, nao walisema kweli. Upande wa pili walisema si haki, nao pia walisema kweli.

Mwalimu wetu msimamizi hufundisha hesabu. Alitusikiliza, kisha akasema, "Mkitaka kujua ni kitu gani kilichobadilisha jibu, badilisheni kitu kimoja tu, vingine viacheni kama vilivyo." Akamwita rafiki yangu aje, akampa mashua namba 3 pamoja na tanga langu na mlingoti wangu, nami nikapewa ile aliyokuwa akiitumia yeye, yenye tanga laini kama shuka. Tukafanya mbio 3. Yeye alishinda zote 3. Mimi katika mashua 5 nilikuwa wa 4, wa 3, na wa 4. Mashua yangu haikutaka kuukabili upepo. Kila nilipojaribu kuielekeza joshini, ilisimama. Nikafahamu ya kuwa kwa wiki nzima tatu rafiki yangu alikuwa akiipeleka mashua ile mpaka nafasi ya pili kwa ustadi mtupu, na mimi nilikuwa nikimfundisha kazi.

Hayo yalikuwa aibu tu, na aibu hupita. Jambo la pili lilikuwa zito zaidi. Wiki tatu baadaye, mvulana wa kidato cha pili alikuwa ziwani katika mashua namba 5, ile kuukuu. Dhoruba ikashuka ghafula, kama ijavyo mara nyingi katika ziwa letu, na kipande cha juu cha mlingoti wake kikavunjika penye kola. Tanga likaanguka majini, na upepo ukampeleka mbali na ufuko. Alikuwa amevaa jaketi la kuokolea, tena alikumbuka alichofundishwa, asiiache mashua kwa vyo vyote. Wavuvi wenye mtumbwi wa injini walimwona, wakamvuta mpaka nchi kavu. Alikuwa anatetemeka lakini mzima.

Tulipokitazama kile kipande kilichovunjika, tuliona sehemu ya alumini inang'aa, maana ilivunjika siku ile. Na sehemu nyingine, karibu theluthi moja kuanzia tundu la ribiti, ilikuwa nyeusi. Weusi ule maana yake ni kwamba ufa ulikuwapo zamani, siku nyingi kabla ya dhoruba. Mtu ye yote ambaye angaliitoa kola na kutazama angaliuona. Kazi ya kutazama milingoti kila mwezi ilikuwa ya kapteni wa mashua. Miezi ile mimi nilikuwa nikitazama mlingoti mmoja tu, nao ulikuwa wangu, na haukuwa na alumini. Nilimwomba radhi mvulana yule mbele ya chama chote. Alinisamehe upesi kuliko nilivyojisamehe mwenyewe.

Baada ya hayo tulifanya mkutano, na rafiki yangu akachaguliwa kuandika maazimio. Kwa kila kifaa kipya tumekubaliana kuuliza maswali matatu. Kwanza: Je, kinadumu kuliko cha zamani? Pili: Je, kinampa mwenye nacho mwendo ambao mwenzake hana? Tatu: Je, wote waweza kukipata, au angalau kukitumia kwa zamu? Kifaa kinachodumu zaidi wala hakiongezi mwendo, kinapokewa mara moja, nacho huenda kwanza kwa mashua iliyo dhaifu kuliko zote, si kwa mtu aliye kapteni. Kifaa kinachoongeza mwendo hakifungwi mpaka vipatikane vya mashua zote.

Kwa kanuni hiyo, kipande cha kaboni alicholeta mjomba kimekwenda kwenye mashua namba 5. Tanga jipya limewekwa ghalani, nalo litatolewa tu tukienda kushindana na watu wa mahali pengine, naye atakayelitumia ni yule aliyeshinda uteuzi. Uteuzi wenyewe hufanywa kwa matanga ya zamani, na mashua hupigiwa kura, tena hubadilishwa baada ya kila mbio. Nilipomweleza mjomba alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi nilitaka ushinde tu." Nikamwambia nami nilitaka hivyo hivyo, na hapo ndipo tulipokosa sote wawili.

Sasa, mzee wetu mpendwa, nakujibu swali lako. Tanga ni kitambaa tu, kweli. Lakini katika mashua za namna moja kitambaa hicho ndicho kipimo, na kipimo kikiwa si sawa kwa wote, mbio hazina maana; ni kama mizani ya muuzaji mwenye jiwe lake mwenyewe. Kama u tayari kutusaidia, sisi tungeomba kwa utaratibu huu.

La kwanza, banda. Mashua zetu hulala juani mwaka mzima. Miti na mabati yatatosha, nasi wenyewe tutajenga. Hakuna kifaa kipya kitakachozidisha maisha ya tanga na mwili wa mashua kuliko kivuli.

La pili, gundi na kitambaa cha faibaglasi cha kutengenezea mashimo ya milingoti. Tumezipima zote 5 kwa maji, na 2 zinavuja.

La tatu, vipande 4 vya juu vya milingoti visivyo vya alumini, ili pamoja na kile kilichopo viwe 5. Hivyo ni ghali, lakini ndivyo vitakavyomzuia mtoto mwingine asipelekwe na upepo.

La nne, na la mwisho, matanga. Kama fedha zatosha matanga 4, ili yawe 5 pamoja na lile la ghalani, tutayapokea kwa shukrani nyingi. Kama hazitoshi, twakuomba usilete moja wala mawili. Tutaendelea na haya yaliyolegea, maana yamelegea yote, na kwa jinsi hiyo bado tuko sawa.

Na kwenu nyote mliotutangulia, mnaotaka kumtumia mwanenu au mpwa wenu zawadi ya michezo, si ya mashua tu bali hata viatu vya mpira: nawaomba mfikirie wale 4 wengine watakaosimama naye kwenye mstari wa kuanzia. Watu wa Dublin walilijua jambo hili mwaka 1887. Sisi tulilijua mwaka jana, kwa njia iliyo ndefu.

Rafiki yangu amerudi ufukoni. Jumamosi iliyopita tulipigiana kura, nami nikapata mashua namba 5. Nilikuwa wa tatu. Nilikuwa wa tatu kwa haki, na nilipoifikisha nchi kavu nilitoa mlingoti, nikaosha mchanga kwenye shimo, nikatazama kola kwa makini kabla ya kwenda kula.

Mwanafunzi wa kidato cha sita